Mistari ya Paskazia

Paskazia Chenge alikuwa mhudumu wa wodi ya walioungua pale Mwanza, miaka ile ya tisini hospitali zilipoanza kutudai tuchangie gharama za matibabu. Shule hakwenda sana, lakini usimchezee. Mwanamke yule alikuwa na macho, na alichokiona alikiandika.

Katika daftari lake kila mgonjwa alikuwa na mstari. Kila siku kidonda kilipokaa safi, aliurefusha. Kikianza kuoza, aliweka msalaba mwekundu. Ndugu wakimchukua mgonjwa kabla ya hapo, mstari aliuacha wazi, basi.

Mwaka 1996 wodi ikaanza kuchemsha kwa mkaa maji ya kuoshea vidonda, na kila mgonjwa akapewa beseni lake. Baada ya miezi sita akaja katibu wa hospitali, Bwana Malimi, na karatasi mkononi.

"Zamani wagonjwa thelathini, waliooza vidonda kumi. Sasa thelathini, kumi vilevile. Mkaa tunauchoma bure. Mwisho wa mwezi tunaukata."

Jamani, hesabu gani hiyo! Paskazia alikasirika, maana mkaa ukikatwa, watakaooza ni wale anaowaosha kila asubuhi. Akalifungua daftari mezani.

"Mzee, tazama siku. Zamani misalaba inaanza siku ya nne. Sasa wengi wanafika ya kumi na tano, vidonda vimeshaanza kufunga. Na hawa kumi na wawili wa zamani, ndugu waliwachukua wiki ya kwanza. Wewe umewahesabu wazima. Nani aliwaona?"

"Basi wafute."

"Siwafuti. Siku nilizowaosha walikuwa safi, hizo ni zao. Zilizofuata sizijui, sizisemi."

Daktari Revocatus, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alisema chuoni walimsumbua mwaka mzima na hesabu hiyohiyo ya siku na ya walioondoka, kumbe mama huyu anayo kwa kalamu ya wino. Mimi nasema heshima apewe mwenyewe.

Malimi aliinama juu ya daftari. Alipitisha kidole kwenye mistari iliyoachwa wazi, akakisimamisha kwenye jina la mgonjwa mmoja wa mtaa wa Buhongwa.

"Huyu Evelina ni shangazi yangu," akasema. "Nilimtoa hapa mwenyewe. Siku ya sita kidonda kilioza, ya tisa tukamzika. Weka msalaba, mama. Na mkaa uendelee."