Shasi Niliyoipinda kwa Jicho Langu

Shule niliiacha darasa la tano, Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, ambako wazazi wangu Wanyarwanda walinilea kwa Kiswahili cha sokoni. Sioni haya kulisema. Wenye diploma wananipigia simu mimi, siwapigii. Pandeni Kacyiru, kwenye nyumba za wakubwa, mtazame yale mageti meusi yenye mikuki ya rangi ya dhahabu. Mengi ni ya mkono wangu. Karakana yangu iko Gisozi, juu ya maduka ya samani, na watu kumi na mmoja wanakula humo. Kwa miaka mingi, mteja akitoa futi mfukoni nilimwambia hivi: "Rudisha hiyo, bwana. Jicho langu ndiyo futi."

Sasa nieleze jinsi jicho hilo lilivyotaka kuniulia mtu.

Mtu mwenyewe ni Mwalimu. Ndivyo tulivyomwita sote, ingawa hakuwahi kushika chaki. Ni Mtanzania wa Kigoma, na ndiye aliyenifundisha kuchomelea chuma nilipofika Kigali kijana sina hata viatu vya kubadilisha. Karakana yake ilikuwa Kimisagara, bondeni, na kila nilipochomelea ovyo alinigonga kichwani kwa fimbo ya kuchomelea, ikiwa imepoa, ashukuriwe Mungu. Alikuja Rwanda na jipu lake, gari la Kijapani la zamani, milango miwili, turubai nyuma, lile ambalo zamani ukilisikia unajua ni padri au mhandisi wa barabara. Jipu lilikufa. Alilisukuma nyuma ya nyumba na kulifunika.

Mke wake alipofariki, mzee akaamua kurudi kwao. Alikuja Gisozi kutuaga mapema, akakaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya karakana yangu, akasema, "Nilikuja nalo, nitarudi nalo. Likikataa, watu wa vyuma chakavu walikate kilo kwa kilo, mimi nipande basi na begi langu."

Nikasema mbele ya watu wote, "Mwalimu, nipe miezi mitatu. Utaondoka unaliendesha mwenyewe, na watu wa mpakani watakupigia saluti."

"Wewe ni mtu wa mageti," akasema.

"Na gari ni nini? Ni geti lenye magurudumu."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alinitazama, akasema, "Haya, mkubwa."

Basi nikaanza, na gari likaanza kunitukana. Injini ilikuwa imeshikana kama imemwagiwa saruji. Tuliiloweka kwa mafuta wiki mbili ikakataa, tukaifungua yote, tukabadilisha pistoni, ikakubali. Sakafu ilikuwa kutu tupu, niliitengeneza upya kwa bati nene. Lakini mbele, chini ya injini, nilipogonga shasi kwa nyundo, nyundo iliingia. Shasi ndiyo mgongo wa gari, zile nguzo mbili za chuma zinazobeba kila kitu. Kipande chote cha mbele kilikuwa kimeliwa.

Mtu mwingine angekata tamaa hapo. Mimi nilikata chuma. Nilitengeneza kipande kipya cha mbele, pande zote mbili, juu ya meza yangu ile ya chuma ninayotengenezea mageti, nikakiunganisha, nikasimama mbele nikafumba jicho moja. Sawasawa kabisa. Nikachomelea moja kwa moja. Mshono ule ulikuwa mzuri, hata leo nasema ulikuwa mzuri.

Siku injini ilipowaka, karakana nzima ilipiga makofi. Seremala jirani yangu, mama mmoja anayetengeneza makabati na asiyejua kunyamaza, aliacha randa yake akaja kushika boneti. "Patroni," akasema, "leo umenifunga mdomo." Nililala na furaha.

Kesho yake mvua ilinyesha kidogo, nikalitoa peke yangu kulijaribu. Usukani ulikuwa unavuta kushoto. Nikasema ni barabara. Niliporudi, seremala alikuwa amesimama kwenye njia ya udongo inayoingia karakana.

"Patroni, gari lako linatembea kama mbwa."

"Mbwa gani?"

"Hujamwona mbwa akikimbia? Kichwa huku, matako kule."

"Wewe shughulika na makabati."

Alipoondoka nilitazama chini. Gari lililonyooka huacha michirizi miwili kwenye udongo, kwa sababu magurudumu ya nyuma yanapita palepale pa mbele. Langu liliacha minne. Nilisimama pale, kisha nikaifuta kwa kiatu. Mwanamume mzima, nafuta matope kwa kiatu nikitazama huku na huku.

Sikupima. Anayejua atakachokikuta hapendi kupima. Badala yake nilifanya ujanja. Niliweka vipande vyembamba vya chuma kwenye springi, nikavuta vyuma vya usukani hapa na pale, mpaka kwenye barabara tambarare likaenda bila kuvuta. Nilijiambia linatosha. Zilikuwa zimebaki siku kumi mzee aondoke, na binti yake alikuwa anakuja kutoka Kigoma kumchukua, wasafiri pamoja humo humo.

Alhamisi Mwalimu akaja, akataka kuendesha. Nikapanda pembeni yake. Tulishuka Gisozi polepole, akipiga mluzi, mkono mmoja nje ya dirisha. Tulipofika kwenye kona ya chini, dereva wa moto, zile pikipiki za abiria, akaingia barabarani ghafla, amepakia mama mwenye kikapu. Mwalimu akakanyaga breki.

Mbele ya gari ilisimama. Nyuma haikusimama. Ilikuja pembeni kama inataka kutupita, nikaona mtaro upande wangu, nikaona uso wa yule mama, helmeti imemkaa vibaya, mdomo wazi. Tulisimama tumekaa mshazari. Kati ya bampa na goti lake ungepitisha mkono, labda.

Dereva wa moto alitutukana kwa Kinyarwanda mpaka akachoka, akaondoka. Mwalimu akazima injini. Mikono yake ilikuwa bado kwenye usukani.

"Breki zinavuta upande mmoja?" akaniuliza.

Aliniuliza kwa upole. Alikuwa amenifungulia mlango wa kisingizio mwenyewe, mimi kazi yangu ni kupita tu.

"Ndiyo," nikasema. "Ni breki, Mwalimu. Nitazirekebisha."

"Zirekebishe." Akashuka, akaenda kwa miguu, akaniachia gari pale kwenye kona.

Nilikuwa naiona barabara ya kwenda mpakani, ile miteremko, malori ya mchanga yanapanda, na Mwalimu anakanyaga breki, binti yake pembeni mahali nilipokuwa nimekaa mimi. Upande mwingine niliwaona watu wangu kumi na mmoja, na wateja wa Kacyiru, na yule seremala, wote wakijua kwamba patroni hajui kuunganisha vyuma viwili vikanyooka.

Ijumaa asubuhi nilishuka Kimisagara. Nyumba yake ilikuwa imejaa maboksi. Alikuwa anapanga vifaa vyake kwenye shuka, akaokota timazi, ile pia nzito ya shaba inayoning'inia kwenye uzi, ambayo nilipokuwa mwanafunzi sikuruhusiwa hata kuigusa.

"Chukua," akasema. "Kigoma sina ukuta wa kujenga. Naenda kula migebuka ya ziwani na kulala."

Ilikuwa baridi mkononi mwangu. Nikasema, "Mwalimu, si breki. Ni shasi. Nimeipinda."

Akaendelea kukunja shuka. "Kiasi gani?"

"Sijui."

"Umepima ukapata ngapi?"

"Sikupima."

Hapo ndipo akaacha shuka. "Hukupima kabisa?"

"Nilitumia jicho."

"Jicho!" Alisimama. Nilidhani atatafuta fimbo ya kuchomelea. "Kupinda chuma ni kazi, kila fundi amewahi kupinda chuma. Lakini kupima hukupima? Hiyo nilikufundisha mimi? Sema, ni mimi?"

"Si wewe, Mwalimu."

"Na mwanangu anakuja kupanda humo. Ungeniacha niondoke?"

Ningeweza kusema hapana. Nikasema, "Jana ningekuacha. Leo nimekuja."

Akachukua kofia yake. "Twende tukapime," akasema, "mbele ya watu wako."

Karakanani tuliangusha timazi kutoka pembe nne za shasi, tukatia alama chini kwa chaki, tukavuta kamba pembe kwa pembe, kama herufi ya eksi. Kamba mbili zingepaswa kulingana. Zilitofautiana kwa vidole viwili. Vidole vyangu, na mimi nina vidole vinene. Vijana wote walikuwa wameacha kazi.

Aliyegundua chanzo ni seremala. Alileta pima maji, akaiweka juu ya meza yangu ya chuma, akainama. "Patroni, njoo uone." Kipovu cha ndani kilikuwa kimekimbilia ukingoni. Meza ile niliitengeneza mwenyewe, miguu yote urefu mmoja, ikafuata mteremko wa sakafu. Gisozi yote ni mteremko. Mageti yetu tunayatengeneza yakiwa na mteremko, kwa sababu viwanja vina mteremko, na mteja anataka geti lifuate ardhi. Miaka ishirini nilikuwa natazama vitu vilivyoinama na kuviita vimenyooka. Jicho langu halikuwa bovu. Lilikuwa limejifunza mlima.

"Kata," akasema Mwalimu.

"Nitakata. Lakini hapa siwezi kuunganisha tena. Nahitaji sakafu tambarare."

"Itafute basi. Nina siku tisa."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa mzima, na mpaka saa tano hakuna duka wala karakana inayofunguliwa. Tulichimba mtaro wa maji ya mvua, mimi nikiwa na jembe mkononi na akili chini ya jipu. Baada ya kazi tulikaa kwenye nyasi kwa mkutano, kama kawaida, na kiongozi wa mtaa alipomaliza ya usafi akauliza kama kuna mwenye jambo. Seremala akanyoosha mkono.

"Patroni ana jambo," akasema, akakaa.

Ningeweza kumzika kwenye ule mtaro. Watu karibu mia mbili waligeuka. Mimi ndiye niliyetengeneza mageti ya nusu yao. Nikasimama nikasema kwamba nimelipinda gari la mwalimu wangu kwa kujivuna, kwamba lingeweza kumuua, na kwamba natafuta sakafu iliyonyooka kwa wiki moja. Walicheka. Mmoja akapaza sauti, "Na geti langu je?" Wakacheka tena. Kisha mzee mmoja anayeuza viazi akasema ghala lake la bondeni ni tupu mpaka mavuno, sakafu ya saruji, ukimwaga maji hayajui pa kwenda.

Nilikwenda nikamwaga maji. Kweli hayakujua pa kwenda.

Tulilishusha jipu siku ile ile, tukainua bodi kwa minyororo, na mimi mwenyewe nikashika mashine nikaukata mshono wangu. Uchungu wake siwezi kuueleza kwa mtu asiyefanya kazi kwa mikono. Mwalimu alikaa kwenye gunia na kamba. Chuma kikipata moto kinavuta, ukichomelea upande mmoja kwa pupa kinakwenda kinakotaka. Kwa hiyo tone moja hapa, tone moja kule, kisha kusubiri, kisha kamba.

"Ngapi?"

"Kidole kimoja."

"Vunja."

Mara ya pili nusu kidole. "Vunja." Mara ya tatu unene wa sarafu, nikasema hiyo si kitu, Mwalimu, hata kiwandani wanaiacha. Akaniuliza, "Wanaiacha, au wewe unaiacha?" Nikavunja. Ilikuwa Jumanne. Mara ya nne alivuta kamba huku, akavuta kule, akarudia, akaona mafundo aliyofunga kwenye kamba kama alama yamekutana mahali pamoja. Hakusema ni nzuri. Alisema, "Sasa chomelea," na mimi, patroni wa mageti ya Kacyiru, nikaomba maji kwanza.

Ijumaa tulilipeleka kwenye ukaguzi. Mkaguzi alizunguka mara mbili, akaingia chini na tochi, akakaa huko mpaka nikaanza kuhesabu vifungo vya shati langu. Akatoka. "Nani alichomelea hapa mbele?" Nilikohoa. Nikasema, "Mimi. Mara ya kwanza vibaya." Akaandika kitu, akatukabidhi karatasi. Lilikuwa limepita.

Jumapili mvua ilinyesha asubuhi. Binti yake alipanda, mwanamke mzima mwenye sauti ya baba yake, akauliza kama gari hili kweli litafika. Mwalimu akamwambia, "Muulize huyo." Nikasema litafika. Sikuongeza neno, na wanaonijua wanajua hiyo si kawaida yangu.

Jipu lilitoka kwenye uwanja wa ghala, likapita kwenye matope mekundu, likapanda lami. Watu walipunga mikono, seremala alipiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimeinama. Kwenye lami nyeusi kulikuwa na michirizi myekundu ya matope, imekwenda sambamba mpaka kwenye kona. Niliihesabu, kisha nikatoa kamba mfukoni nikapiga magoti barabarani nikapima, magari yakinipigia honi. Ilikuwa miwili.