Mahali pa Uyoga

Juzi hapa Visiga, kando ya barabara kuu ya lami, nilinunua uyoga wa kupandwa, umefungwa kwenye mfuko, mweupe, hauna hata chembe ya udongo. Nikaupika kwa nazi. Ndugu yangu, haukunukia chochote! Kilichonijia ni wivu tu, ule ule wa utotoni.

Kila masika shule ikifungwa nilipelekwa Maneromango kwa bibi. Aliishi na binti wa shangazi yangu, aliyenizidi umri kidogo. Mvua ikinyesha usiku, alfajiri bibi alimwamsha yeye, wakaingia msituni kwenye vichuguu ambako uyoga huchomoza. Mimi je? Niliachiwa mbuzi na nazi. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa bibi yangu mgeni alikuna nazi.

Nikilia, bibi alikuwa na jibu lake: "Mgeni haonyeshwi mahali pa uyoga. Leo yupo, kesho kapanda gari na siri yangu." Walirudi wamelowa, kikapu kimefunikwa majani, wananong'ona na kucheka. Dada yangu huyo akinipita husema, "Mtoto wa lami, siafu watakumaliza wewe." Na uyoga wenyewe, kwa tui na chumvi tu, nyama haioni ndani. Nilikula nimenuna, roho inaniuma.

Bibi tulishamzika. Basi nikafunga safari, nikamwambia dada bila kuzunguka, "Sasa nionyeshe."

"Makubwa! Miaka yote hii, bado tu?"

"Bado."

Tukaenda. Msitu hakuna. Kuna visiki, madoa meusi ya matanuri ya mkaa, na mawe ya mipaka ya viwanja. "Msitu mliupikia maharage huko kwenu barabarani," alisema, na kweli, mkaa wa huku nimeupikia miaka nenda rudi.

Akasimama. Hapa kichuguu kikubwa, akasema. Pale bibi alipiga magoti asivunje shina. Pale walijikinga mvua wakitafuna muhogo mbichi. Mimi niliona mchanga. Ghafla akaketi kwenye kisiki, akalia kwa sauti kama siku ya msiba wa bibi.

Nilisimama kando nikiyatafuta machozi, nisiyapate. Mahali nimeonyeshwa, na hapana kitu. Na hapo, Mungu anisamehe, nikamwonea wivu kuliko siku zote: msitu umetuishia sote, lakini yeye ana cha kulilia.