Gramafoni Niliyomzawadia Fundi

Fundi wa mashine za mkonge kule Mazinde alikuwa hagusi kitu kibovu kabla ya kukitegea sikio, na kila skrubu aliyoilegeza aliishika kwa midomo. Mimi, karani wa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, nilimpelekea gramafoni niliyoiua mwenyewe nikijaribu kuitengeneza kwa kisu cha jikoni. "Chukua, mzee, ni yako," nilisema kwa ukarimu mkubwa, maana kukiri ujinga kulinishinda. Jumapili iliyofuata niliikuta ikiimba barazani kwake, roho ikaniuma. Akanipa kiti, akauliza taratibu, "Karani, nani aliitengeneza kabla yangu?"

"Fundi mmoja wa Handeni," nikajibu.

"Msalimie sana. Mpe na hizi skrubu tatu, alizidondosha ndani."

Nikazipokea kwa niaba yake, nikashukuru.