Nta Kwenye Tundu la Mvuke

Enyi waja wa Mola, nisikilizeni, maana leo ninakiri kosa langu mwenyewe.

Tulipohamia Maskati kutoka Unguja tulipanga nyumba kongwe. Mzungu aliyekaa humo kabla yetu alikuwa ameacha tangi la kuchemshia maji chini, na juu, chumbani, chuma kikubwa chenye mbavu kilichopashwa joto kwa mvuke. Mama yangu, mgonjwa wa kifua, nilimtandikia kando ya chuma hicho.

Baridi ilipoingia, chuma kilipata moto siku za mwanzo, kisha kikapoa. Nikamwita fundi, Mbulushi tuliyetoka naye Unguja. Akagusa bomba la kutoka tangini, likamuunguza. Akagusa mbavu, akazikuta baridi. Kisha akachokoa kitundu kidogo ubavuni kwa ukucha, akanionyesha nta.

"Nani kakiziba pumzi, sheikh wangu?"

"Mimi. Kilikuwa kikipiga mluzi nikisali, kikinikata khushuu, ule utulivu wa moyo katika sala."

"Hewa isipotoka, mvuke hauingii. Basi wewe umesali kimya, na bibi kaganda."

Nikamgeukia mama, nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nlikuwa nnatetemeka, mwanangu," alijibu, akivuta shuka. "Lakini kila nkikutazama umo katika sala. Nkaona haya kukukatiza."

Mama ameshatangulia mbele ya Haki. Mola aliyeamrisha aabudiwe Yeye peke yake aliamrisha papo hapo wazazi watendewe wema, nami nilishika nusu ya amri.

Ewe unayesali, kabla hujafunga takbiri, nenda kaguse miguu ya mama yako. Ukiikuta baridi, ifunike kwanza.