Habari Njema Niliyoipeleka kwa Honi

Mkasa huu ulinigharimu mita sita za waya na mama mkwe mmoja, ambaye nilikuwa hata sijampata. Nikisema hasara ni ndogo nitakuwa nadanganya, na aibu yake ikinijia nikiwa katikati ya soko la Migori najifanya nimeangusha kitu, nainama natafuta mpaka ipite.

Mimi nanunua omena, wale dagaa wa ziwani, kule Sori na Muhuru Bay nakuja kuuza Migori, na naishi chumba kimoja pamoja na pikipiki yangu. Nasema pamoja kwa sababu inalala ndani. Ni kubwa, ya safari ndefu, zile ambazo Wazungu huzungukia Afrika wakiwa wamefunga masanduku ya bati ubavuni, na mwenyewe aliugua malaria pale mpakani Isebania, akaamua kurudi kwao kwa ndege, akaniuzia kwa bei ambayo naionea haya mpaka leo (alitaja ya kwanza nikaguna tu, akashusha mwenyewe, nikaguna tena).

Pikipiki ya namna hiyo ukiitunza nyumbani peke yako unajifunza mambo. Chukua taa ya breki. Mwenye watu wake anakanyaga breki anauliza, "Imewaka?" na mtu huko nyuma anamjibu. Mimi naisukuma kinyumenyume mpaka mkia ukaribie ukuta, nakanyaga, nageuza shingo kuangalia kama ukuta umekuwa mwekundu. Kutoa hewa kwenye breki ya mbele ni kazi ya watu wawili, mmoja abane mkono wa breki, mwingine afungue nati kule chini. Mimi nabana kwa mpira wa tyubu, nazunguka nafungua nati, nafunga, nazunguka nafungua mpira, naanza upya. Kazi ya nusu saa inakula Jumapili nzima. Sikuwahi kulalamika, Jumapili nilikuwa nazo nyingi.

Halafu nikampata Achieng'. Naye ni mchuuzi wa omena, na siku ya kwanza kule Sori alinipandishia bei ya debe moja mbele ya macho yangu mpaka nikaliachia, nikamheshimu papo hapo. Tulipofikisha miezi minane akasema sasa nije nionekane kwao, juu kidogo ya Rodi Kopany kwenye barabara ya Homa Bay. Kabla siku haijafika baba yake, Mzee Ogola, akalazwa hospitali Homa Bay, akapasuliwa tumbo, na Achieng' akahamia huko kumwangalia, analala sakafuni chini ya kitanda.

Jumapili kabla sijaenda kumwona mzee, taa ya mbele ikawa inazimika kila nikipita shimo. Nikaangalia betri, vichwa vyake safi. Nikaangalia fyuzi, nzima. Nikavua tangi, na hapo chini nikakuta waya sita zimesuguana na chuma mpaka shaba inaonekana. Dukani wakaniambia waya za rangi rangi zinauzwa kwa mita, ila kuna kipande cha bluu kilichobaki kwenye rola, mita sita, nikikichukua chote watanipunguzia. Wakanipunguzia, nikaomba tena, wakanipunguzia tena, nikatoka pale kama mtu aliyeiba bila kuvunja sheria.

Nikabadilisha zote sita kwa bluu. Nikahesabu, sita. Nikahesabu tena, sita. Hesabu ilitimia, shida ni kwamba sikujua tena ipi ni ipi. Nikajaribu hii na ile mpaka injini ikawaka, taa nayo ikawaka ila ikakataa kuzimika (nikasema afadhali hiyo kuliko inayokataa kuwaka), nikazifunga zote pamoja kwa utepe mweusi, nikarudisha tangi, nikaenda kuoga nikijisifu.

Alhamisi nikafika Homa Bay bila tatizo. Mzee Ogola alikuwa ameketi kitandani anakunywa uji na kulalamika kwamba hauna sukari. Akanikagua kuanzia viatu mpaka kofia.

"Wewe ndiye wa ile pikipiki?"

"Ndiye, baba."

"Basi ifanye kazi. Pita nyumbani uwaambie Jumatatu natoka. Huyu mama yao amekaa wiki nzima halali."

Achieng' akanisindikiza mpaka nje. "Odhiambo, nisikilize. Mama hajawahi kukuona. Atakuona mara ya kwanza umembebea habari nzuri. Nafasi kama hii huipati tena, usiiharibu."

"Nitaiharibu vipi? Ni maneno mawili tu. Jumatatu anatoka." (Nilikuwa nimeyahesabu.)

Nilipomaliza kupanda mlima wa kutoka mjini, honi ikalia. Sikuwa nimeigusa. Nikapiga swichi yake, haikusikia. Nikazima ufunguo, kimya. Nikawasha, ikalia tena, ndefu moja isiyo na pumzi. Nikakata matawi nikayatandaza nyuma yangu barabarani kama madereva wanavyofanya gari likiharibika, nikainua tangi upande mmoja, nikachungulia. Bluu, bluu, bluu. Ningekata ya honi, lakini ningeweza kukata ya injini, na mtu aliye peke yake na pikipiki ya kilo mia mbili hakati waya kwa kubahatisha. Nikaamua niende hivyo hivyo, kwa kina Achieng' si mbali, kelele haijaua mtu. Yale matawi sikuyatupa, maana nilikuwa nimeyakata kwa jasho langu na huenda ningesimama tena, kwa hiyo nikayafunga vizuri juu ya sanduku la nyuma. Betri ilikuwa imechoka, starta haikuinuka, nikaisukuma kwenye mteremko, nikairukia, ikashika.

Sasa wewe mtu wa huku umeshaelewa. Mimi pia ni mtu wa huku, na sikuelewa, akili yangu yote ilikuwa kwenye waya. Mchana wa jua kali, taa inawaka, matawi nyuma, honi haikatiki, na natoka upande wa hospitali. Kwetu gari la namna hiyo ni la aina moja tu, na aliyebebwa ndani hatashuka mwenyewe. Mwenye baiskeli akashuka akasimama. Mzee mmoja akavua kofia. Nikadhani wanaiheshimu pikipiki, nikawapungia mkono.

Mama yake Achieng' alikuwa uani anaanika mtama. Alipoona taa inaingia langoni, ungo ukamtoka mikononi.

"Uwi! Uwi! Ogola!"

Sauti ya pili ikamjibu kutoka nyumba ya nyuma, ya tatu kutoka ng'ambo ya shamba, na kabla sijaweka mguu chini wanawake walikuwa wanaingia mbio, mikono kichwani. Nikazima ufunguo. Honi ikanyamaza, lakini sasa haikuhitajika tena. Nikapaza sauti, "Yuko hai! Anakunywa uji!" Nani anisikie? Mwanamume mmoja alishapita mbele yangu na gogo begani, la kuwasha moto wa matanga. Na mama anaelekea barabarani, anajirusha, kitambaa cha kichwa kimeanguka. Basi nikamkimbilia, nikamshika mabega yote mawili, nikamvuta karibu, nikamwambia sikioni: "Mama, Jumatatu anatoka!"

Uwanja mzima ukanyamaza. Nilidhani ni habari njema imewaingia. Kumbe walikuwa wanaangalia mikono yangu. Kwetu mtu na mama mkwe hawagusani. Wakikutana njiani mmoja anapisha. Na mimi nilikuwa nimemkumbatia wangu, mchana, mbele ya kijiji, kabla hata sijatambulishwa.

Nikamwachia. Alifuta bega moja kwa ncha ya leso, akafuta la pili, akaokota kitambaa chake, akaingia ndani, akafunga mlango.

Mdogo wake Mzee Ogola, Mzee Okeyo, akanizunguka mimi na pikipiki mara moja.

"Wewe ni nani?"

"Odhiambo, mzee. Kutoka Migori."

"Yule wa Achieng'?"

"Ndiyo, mzee."

"Na ndugu yangu anakunywa uji?"

"Analalamika hauna sukari."

"Huyo ni yeye," akasema. Mtu mmoja akacheka, akajuta. "Sasa ondoa hiki kitu chako hapa kabla mwenyewe hajapelekewa habari kwamba amekufa."

Nikamweleza kwamba haiwaki bila kusukumwa. Kwa hiyo wale waliokuja kulia ndio walionisukuma, wanawake saba nyuma, mwenye gogo akiwa pembeni, na mama mmoja mnene akiimba, "Sukumeni, sukumeni aende na matanga yake!" Ikashika langoni. Na iliposhika, honi ikaanza. Nilikuwa nimefika barabarani niliposikia kijiji cha upande wa pili kikiitikia kwa vilio.

Mzee Ogola alitoka Jumatatu kama alivyosema. Nimesikia alipoelezwa alicheka mpaka akashika mshono. Mama hakucheka.

Achieng' nilimwona tena Sori baada ya wiki tatu, anapima omena, hainui macho.

"Mama anasemaje?"

"Mama hasemi. Baba mdogo ndiye amesema. Ulete mbuzi wa kuondoa kile kilio, na mzee wa kwenu aje akusemee." Akasukuma debe kando. "Usije peke yako, Odhiambo. Wakikuona peke yako tena hawafungui."

Waya nimezibadilisha, rangi sita, na sitanunua tena kitu kwa sababu tu ndicho kilichobaki. Mbuzi ninaye, amefungwa mlangoni. Kilichobaki ni mzee. Baba alikufa nikiwa shule, baba wakubwa wakamfuata, na kaka yangu alivuka kwenda Tanzania miaka kumi iliyopita hajaandika. Nimehesabu watu wangu nikarudia, ikaja ile ile. Kwa hiyo nawauliza ninyi mnaonijua: kuna mwenye baba, au mjomba, mwenye mvi kidogo, asiye mwepesi wa kucheka, anayeweza kuketi nyumbani kwa watu akasema, "Huyu ni mtoto wetu, msameheni"? Nauli ni juu yangu, kwenda na kurudi. Jumamosi yoyote. Aniambie tu jina la baba yangu atakalolitaja, nisije nikashangaa mbele ya watu.