Mstari wa Idrisa

Usiku ule nililala nimeridhika, hali ambayo mimi nayo hatujuani sana. Nilikuwa nimeunganisha kazi ya Zawadi, muuguzi wa zahanati moja huko Makete aliyejifunza kuandika programu kwa kompyuta ya kuazima na ubishi mwingi. Programu yetu ni ya bure. Inamwambia mhudumu wa zahanati ampe mtoto dawa kiasi gani kulingana na uzito wake. Niliianzisha na rafiki yangu Idrisa. Idrisa tumemzika, na sasa anayetaka kurekebisha kitu ananitumia ombi mimi, nami ndiye ninayeliingiza au kulikataa.

Ombi la Zawadi lilihusu vichanga. Chupa mpya za dawa zilikuwa na nguvu maradufu ya zile za zamani, kwa hiyo alipunguza dozi kwa nusu. Mstari wake wa programu ukagongana na wa zamani. Kompyuta ikaniwekea mistari hiyo kwa rangi mbili, na vitufe viwili: "Chukua yetu" na "Chukua yao". Nikabofya "yao", maana kazi ya Zawadi ni yao, au siyo? Ikaandika: Imeunganishwa. Asubuhi zahanati zote zingepata toleo jipya na kufungua chupa mpya. Nikazima taa.

Basi nikajiona niko kwenye baraza la zahanati. Wanawake wamepanga foleni, watoto mgongoni, na hakuna mtoto hata mmoja anayelia. Hilo ndilo lililonitisha. Anayepima ni Idrisa. Amevaa lile sweta la kijani lililotoboka kiwiko, ambalo mama yake alishaligawa. Anamning'iniza mtoto kwenye mizani, anasoma, anamimina dawa kijikoni. Kijiko kimefurika, dawa inamchuruzika mkononi, naye anamimina tu.

"We Idrisa! Unawazidishia!"

Hata hakunitazama. "Namimina nilivyoandika."

Nikanyoosha mkono nimshike, nikashika kiti. Tumo kwenye chumba kile tulichoanzia programu, nyuma ya kiwanda cha mbao, na mbele yetu kompyuta ina rangi zake mbili. Nje foleni inasogea, nasikia kandambili zikiburutwa. Nikaanza kujitetea, ndiyo kawaida yangu. Nikamwambia nimechukua ya Zawadi, nimebofya "yao" kwa kidole changu mwenyewe, aache kunitisha mtu mzima.

"Umesimama tawi gani, bosi?"

Bosi ndilo jina alilokuwa akinichokoza nalo. Nikatazama juu ya kioo cha kompyuta, panapoandikwa jina la tawi. Mama yangu weee! Jioni nilikuwa nimehamia kwenye tawi la Zawadi, yaani nakala yake, ili niijaribu kazi yake. Sikurudi kwenye shina letu, ile nakala kuu inayokwenda zahanati. Nililivuta shina likanifuata kule kule. Na kompyuta haijui nani wetu na nani wao: "yetu" ni ya pale uliposimama, "yao" ni hiyo unayoivuta. Nimemfuta Zawadi, nimebakiza mstari wa zamani, kisha nikamwandikia asante.

Pembeni ya kila mstari kompyuta huweka jina la aliyeuandika. Pembeni ya huu kuna Idrisa. Ulikuwa sahihi enzi zake, kwa chupa za enzi zake. Tangu afe nimekuwa nikiizunguka mistari yake, siigusi hata nukta, kwa sababu naona ndimo alimobaki. Nikaanza kulia.

"Nifute," akasema.

"Siwezi."

"Basi njoo unishikie watoto."

Akanipakatisha mmoja. Alikuwa mwepesi kama kanga iliyokunjwa, na mdomo wake ulikuwa wazi, unasubiri.

Niliamka nimekumbatia mto. Kumepambazuka. Nikakimbilia kompyuta peku, na mstari ulikuwepo, ule ule wa zamani, na jina lake pembeni. Nikasimamisha toleo kabla halijatoka, nikampigia Zawadi.

"Shikamoo, Da Neema. Kwema huko?"

"Marahaba. Si kwema. Jana nimeifuta kazi yako nikidhani naiingiza."

Nikamweleza.

"Dada," akasema, "nilijua ule mstari ni wa marehemu. Nilipoona imeunganishwa niliogopa kufungua kuangalia. Nilijisemea, nikikuta hujaugusa, nitaanzaje kukudai uufute?"

Maneno hayo yaliniuma kuliko ndoto. Yaani binti wa watu aliniogopa hivyo!

Nikarudi kwenye shina, nikahakikisha jina la tawi juu ya kioo, ndipo nikaivuta kazi ya Zawadi. Vitufe sikuvigusa. Nilisoma mstari kwa mstari, na nilipofika kwenye ule wa Idrisa nikaufuta kwa mkono, herufi baada ya herufi, nikauacha wa Zawadi. Kisha nikakaa sakafuni nikamlilia Idrisa, kilio ambacho siku ya mazishi kilinigomea.