Chapati za Maini na Ndizi Mbivu

Mtoto wa marehemu dada yangu alikuwa anakula ukuta. Nyumba zetu pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, zilikuwa za matofali ya udongo, na pembeni mwa mlango alikuwa ameshachimba kwa kucha shimo la kuingia ngumi. Alikaa hapo akimung'unya udongo taratibu, akiangalia wapita njia. Nilipomshika mkono hakukimbia. Alikuwa na miaka mitano au sita, na nguvu za kukimbia hakuwa nazo.

Tabibu wa zahanati ya kambini alimfunua kope za chini, akamtazama viganja, akaniambia kupitia kwa mkalimani kwamba damu imepungua sana. Vidonge alivyompa mtoto alivitapika vyote. Basi chakula, akasema tabibu: maini, mboga za majani, ulezi, maharage, na ndimu juu yake. Mwezi ukiisha bila nafuu, atapelekwa Lilongwe kuongezewa damu. Miaka ile damu ya mtu mwingine ilitutisha kuliko ugonjwa wenyewe, na kila mtu alijua kwa nini. Nikasema zikomo, asante ya Kimalawi, nikambeba mtoto mgongoni, tukarudi nyumbani.

Ningependa kuandika kwamba niliogopa. Sikuogopa. Tangu tumzike dada yangu hakuna kitu kilichokuwa kinanigusa. Watu walikuja kunipa pole, nami nikawa naangalia midomo yao inavyocheza. Nilipika, nilifua, niliswali. Chakula nilikitia mdomoni kwa sababu saa ya kula imefika, na kama ungeniwekea kamba ya katani iliyochemshwa ningeitafuna bila kuuliza. Kwamba mtoto huyu naye anaweza kufa nililielewa vizuri kabisa, kama mtu anavyoelewa kwamba kesho ni Jumatano. Lakini mikono ilikuwa bado inajua kazi, nikaiacha ifanye.

Maini yalinipeleka mbali. Sisi asili yetu ni Kindu, Kongo, ni Waislamu, na nyama iliyouzwa kambini sikujua nani kaichinja. Nikapanda matola, vile vigari vya mizigo ambavyo abiria wanakaa juu ya magunia, hadi Lilongwe, kwenye bucha ya Mwislamu karibu na msikiti. Mwenye bucha alikuwa mtu wa maneno mengi. Akataka kujua nimetoka wapi, vita vimefikia wapi, mume wangu anauza nini. Nikamwambia, "Maini." Akacheka, akanifungia.

Mara ya kwanza niliyakaanga na vitunguu. Mtoto akabana midomo, na wanangu wawili wa kiume wakamaliza sufuria. Mara ya pili nikayasaga, nikayachanganya na maharage. Akabana midomo. Hapo nikaamua kutumia ujuzi wangu wa zamani. Bujumbura, kabla hatujaukimbia mji ule, nilikuwa nauza chapati za maji mlangoni kwangu kila asubuhi. Wenyewe tunaziita krepe. Hakukuwa na mtoto katika mtaa ule aliyewahi kuikataa krepe yangu, na sikuona kwa nini huyu awe wa kwanza.

Nikayachemsha maini na tangawizi, nikayachana vipande vyembamba, nikayakausha juu ya kikaango bila mafuta mpaka yakawa yanavunjika vidoleni. Nikayatwanga kwenye kinu na kuyachekecha yakawa unga wa kahawia usio na harufu ya kumkimbiza mtu. Mchicha, ambao akina mama wa Kimalawi waliuuza kwa jina la bonongwe, niliukata mdogo mdogo, nikaukamulia ndimu. Halafu unga wa ulezi, yai, na ndizi mbivu zilizoanza kuwa nyeusi, nikaziponda kwa mkono. Ndizi ndiyo siri. Inaficha maini, inaficha majani, na sukari huhitaji. Kikaango kilikuwa cha chuma kizito, nacho nasikia siku hizi kwamba kinasaidia damu. Wakati ule ndicho tulichokuwa nacho.

Zilitoka za rangi ya udongo mwekundu, zimekauka ukingoni, laini katikati. Harufu ikatembea mstari mzima wa nyumba. Wanangu walikula hadi nikawafukuza. Watoto wa jirani yangu, mama mmoja Mrundi, Mkristo, tuliyechangia naye uzio, wakawa wanajipanga mlangoni kabla sijawasha moto.

"Dada, umeniharibia nyumba," aliniambia siku moja, mikono kiunoni. "Batoto bangu iko nalia krepe tangu asubuhi. Ugali yangu ya nsima habaitaki tena. Sasa utabalisha we mwenyewe."

Aliyetakiwa kuzila hakuzila. Nyumbani kwetu tunakula sinia moja, mikono yote pamoja, lakini tabibu alitaka kujua mtoto anakula kiasi gani, na wanangu ukiwaachia sinia hawabakizi. Kwa hiyo yeye nilimtengea sahani yake, ndogo, ya bati, nikamkalisha pembeni penye kivuli. Alikuwa anaiangalia sahani ile kama mtu anavyomwangalia mbwa asiyemjua. Nikaongeza ndizi. Nikapunguza tangawizi. Nikazipika ndogo kama sarafu, nikazikunja, nikazipaka asali aliyoniletea jirani. Aliomba maji, akanywa, akarudi ukutani.

Kitu pekee nilichokuwa bado nacho ni hasira, nayo ilikuwa imebaki nyingi. Mwezi ulikuwa unaelekea mwisho. Mtoto alikuwa anapumua kwa mdomo akitoka chooni, na kucha zake zimekuwa nyeupe. Mchana mmoja nikamwekea sahani, akaisukuma kwa kidole kimoja, kwa adabu, kama mtu anayemrudishia mwenyewe mali yake. Nikafoka. Nikamwambia watoto wa watu wanapigania chakula hiki, yeye anataka nini, anataka kufa?

Akaniangalia. Hakuwa analia.

"Mi sitaki kufa, mama mudogo," akasema. "Ile sahani njo ya mama. Mutu banapatiaka sahani yake ya peke yake, anakufaka."

Nikakaa chini. Dada yangu alipoanza kukohoa damu, zahanati iliagiza atengewe sahani na kikombe, na lilikuwa agizo la haki, nyumba ilikuwa na watoto. Akala pembeni, penye kivuli, miezi yote iliyombakia, na binti yake akakaa mlangoni akimwangalia anavyokula na anavyokonda. Siku moja sahani ikabaki, mama hayupo. Niliichemsha vizuri, nikaiweka na vyombo vingine, kwa sababu kambini nani anatupa sahani? Katika nyumba yetu hakuna mwingine aliyewahi kula peke yake. Mtoto alikuwa amehesabu vizuri kuliko mimi. Tangu nianze kumpikia, kila mlo nilikuwa namwambia kwamba zamu yake imefika.

Nikachukua sinia kubwa, nikamwaga krepe zote juu yake, za moto na za baridi, nikapiga kelele kuwaita wanangu. Wakaja mbio. Wa jirani hawakungoja kuitwa. Nikamvuta mtoto akakaa kati yangu na mwanangu mkubwa, goti kwa goti. Sisi tukasema bismillahi, wale wa jirani wakafanya msalaba wao haraka haraka maana sinia ilikuwa inapungua.

Alingoja kidogo. Kisha mkono wake ukaingia katikati ya mikono mingine, ukapigwa kikumbo, ukarudi tena, ukatoka na kipande. Akala. Akachukua kingine kabla hajameza cha kwanza, akamsukuma mwanangu kwa kiwiko. Lilongwe kwenda kuongezewa damu hatukwenda, lakini hilo tulikuja kulijua baadaye. Siku ile niliona tu kiwiko.

"We hauli?" akaniuliza.

Nikachukua kipande nikakitia mdomoni. Tangawizi ilikuwa imezidi. Nilikuwa nimezipika karibu mwezi mzima na ndipo nikajua kwamba tangawizi imezidi.

Akasogea, akaniambia kwa sauti ya chini wenzake wasisikie:

"Basi mi sitakufa?"

Nilikuwa na mdomo umejaa. Nikatikisa kichwa kwamba hapana, hufi, na hapo ndipo nilipomlilia dada yangu kwa mara ya kwanza, kwa sauti kubwa, mbele ya watoto wa watu, nao hawakuacha kula.